Fungate Iliyopangwa Nairobi

Nilikuwa na miaka kumi na mitano nilipoliona sinia lile, na mpaka leo, meno yamekwisha kinywani, nikilikumbuka roho hunichafuka. Ilikuwa harusi ya binti wa jirani yetu, huku Kisauni, upande wa Frere Town. Asubuhi baada ya harusi wanawake walikusanyika uani. Walikuwa wamekwisha kula mahamri na mbaazi, na vidole vyao vilikuwa vingali na mafuta. Kikatolewa kitambaa cheupe chumbani mwa maharusi, kikawekwa juu ya sinia la shaba, na sinia likapita mkono kwa mkono. Kilikuwa kitambaa alicholalia bibi harusi usiku wake wa kwanza. Kikionekana na damu, msichana alitunzwa na mama yake alitukuzwa. Kisipoonekana na kitu, bora mtu ahame mji. Basi nikaviona vidole vile vya mbaazi vikikigeuza kitambaa, vikikibonyeza, vikikiinua kwenye mwanga. Bibi mmoja akakipeleka puani. Vigelegele vikapigwa. Mimi nilikwenda nyuma ya choo nikayatapika mahamri yangu yote.

Mtu asiniambie kwamba hayo yalikuwa ya Waislamu peke yao. Sisi tulikuwa Wakristo wa kuzaliwa, watoto wa misheni. Kengele ilipolia tulikwenda, tuliimba sauti nne bila kukosea, na baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Lakini ya ndani ya nyumba tuliyafuata ya majirani, kwa kuwa ndiyo ya pwani na sisi ni watu wa pwani. Padri alikemea jambo hilo mara moja kwa mwaka. Wanawake waliitikia Amina, kisha walirudi nyumbani kuliandaa sinia.

Na aliyelishika sinia lile alikuwa shangazi yangu. Alikuwa dada mkubwa wa baba, mjane, ndiye aliyenilea tangu mama yangu alipofariki, na ndiye somo wa nusu ya wanawake wa Kisauni. Somo ni yule mwanamke mzima anayemfunda msichana, anayemwogesha kwa liwa, na anayekaa mlangoni siku zote saba za fungate wakati maharusi wamefungiwa chumbani wakilishwa na kufukizwa udi. Asubuhi ya kwanza ndiye anayeingia kukichukua kitambaa. Shangazi alikula tambuu kutwa kucha. Meno yake yalikuwa mekundu, na alikuwa akitema ukutani, pale pale pembeni mwa mlango wa jiko, hata mahali hapo pakawa kama machinjioni. Nilikuwa nikiutazama ukuta ule na kujiambia kwamba mwenye mate haya ndiye atakayenisikiliza nikipumua usiku wa harusi yangu. Nilikwenda kuoga mara mbili kwa siku, na bado nilijiona mchafu.

Ndiyo maana mchumba wangu alipolitaja jina la Nairobi nilitaka kumbusu palepale barazani.

Alikuwa karani wa bohari bandarini, akiishi Changamwe pamoja na mama yake. Wazazi walikuwa wamekwisha kuelewana na tangazo la kwanza la ndoa yetu lilikuwa limesomwa kanisani. Vita vikuu vilikuwa vimekwisha, magari ya moshi yalikuwa hayabebi askari tu tena, na bwana mkubwa wake, Mzungu mmoja mwekundu kama kamba aliyechemshwa, alikuwa amefunga ndoa na siku iyo hiyo akapanda treni kwenda Nairobi na mkewe. Walikaa juma zima hotelini. Hakuna shangazi wala sinia.

"Nasi tutakwenda," akasema. "Fungate yetu tutaila Nairobi."

Nikamwuliza, "Na kitambaa?"

Akacheka. "Hayo ni mambo ya washenzi. Mimi na wewe tumesoma."

Nilimpenda siku ile kuliko siku yoyote kabla yake au baada yake. Nisije nikamdhulumu mtu, nalisema.

Basi kila Jumapili baada ya ibada alikuja kwetu, tukaketi barazani tukaipanga safari. Alikuja na daftari na ile kalamu ya risasi ya makarani, ya zambarau, isiyoandika sawasawa mpaka uilowanishe. Hakutumia maji. Aliilamba. Kila neno mlambo mmoja, na kufika mwisho wa ukurasa ulimi wake ulikuwa umekuwa kama wa ng'ombe aliyekufa kwa ugonjwa. Nilikuwa nikiutazama ulimi ule na kuyageuza macho. Nikajiambia kwamba kila mtu ana lake, na huyu lake ni dogo.

Aliandika hivi: kutazama stesheni kubwa na saa yake. Kutembea barabara ya maduka na kutazama vioo. Kupiga picha ya kusimama, yeye na kofia, mimi na mkoba. Kununua blanketi, maana huko ni baridi. Kula nyama ya kuchoma. Kulipanda basi bila kuwa na mahali pa kwenda.

"Nitaoga wapi?" nikauliza.

Akailamba kalamu, akafikiri, asiandike neno.

Hilo ndilo lililotusumbua: pa kulala na pa kuoga. Hoteli aliyofikia bwana mkubwa wake, watu kama sisi walifika kwa mlango wa jikoni tu, nao wakiwa wamebeba sinia za watu. Nyumba za wageni za weusi zilikuwako, lakini walioziona walisema mwanaume huku na mwanamke kule, na fungate ya namna hiyo hata padri angeicheka. Ikabidi mchumba wangu amwandikie kaka yake mkubwa, aliyekuwa mpishi wa Wazungu huko Nairobi. Jibu lilifika baada ya wiki mbili, na mchumba wangu akanisomea kwa furaha kama anayesoma habari njema.

Kaka alisema karibuni sana. Alikuwa na chumba nyuma ya nyumba ya bwana wake, kimoja, chenye kitanda kimoja. Kitanda angetuachia sisi. Yeye angelala chini, upande wa pili wa pazia, nalo pazia alikuwa nalo tayari, gunia safi la sukari alilolifumua. Kunguni tusiogope, maana miguu ya kitanda alikuwa ameisimamisha ndani ya makopo ya mafuta ya taa, na waliobaki walikuwa wachache na wanajulikana. Choo kilikuwa cha ndoo, cha watumishi wa nyumba tatu, na ndoo ilichukuliwa kila siku ya pili. Tusisahau kuja na cheti cha ndoa, na tukilaze chini ya mto, maana askari huzipitia nyumba za watumishi alfajiri wakimulika kitandani kuuliza huyu mwanamke ni wa nani. Mwisho akaandika kwamba memsahibu wake angependa kwanza kuitazama mikono yangu na nywele, kwa ajili ya upele na chawa, kabla sijavuka uwanja wake.

Askari na taa, memsahibu na chawa, shemeji nyuma ya gunia. Lakini nilipima, nikaona hao wote ni watu nisiowajua, na baada ya siku saba sitawaona tena. Shangazi ningemwona kila siku ya maisha yangu, naye angenitazama akijua. Nikasema tutakwenda.

Shangazi alipoyasikia aliacha kutafuna.

"Ndoo hapa," akaniita. Nikaenda. "Umeposwa na mtu au umeposwa na treni?"

"Shangazi, ni desturi ya siku hizi."

"Yangu masikio! Utalala chumba kimoja na shemejio, katikati pana gunia, uite desturi? Mwanangu, mtu huruka mkojo akakanyaga mavi. Mimi nitakwenda nanyi."

"Uende wapi, shangazi?"

"Nairobi. Nitakaa mlangoni. Kwani Nairobi hakuna milango?"

Alimaanisha. Kesho yake alitoa kaniki zake na kisanduku cha tambuu akavifunga tayari kwa safari. Baba, kama ilivyokuwa desturi yake mazungumzo ya kike yakipanda, alichukua jembe akaenda kupalilia muhogo uliokwisha paliliwa. Mimi nililia kwa hasira. Nilimpelekea mchumba wangu habari, naye akaniambia nisiwe na wasiwasi, atazungumza na mama yake, na mama yake atazungumza na wazee.

Na kweli, Jumapili iliyofuata baba alituita akasema mke humfuata mumewe, na kama mume amesema Nairobi, basi ni Nairobi, bila somo. Shangazi hakubisha. Alifungua furushi lake, akazirudisha kaniki sandukuni, na tangu hapo hakunisemesha. Alinipakulia chakula akiwa ameupa uso ukuta. Niliona nimeshinda vita. Nilimwuliza mchumba wangu amewalainishaje wazee, akanijibu kwa kutabasamu kwamba mambo ya wanaume huisha kwa maneno mawili.

Harusi ilikuwa Jumamosi. Siku ya Alhamisi asubuhi mchumba wangu alileta sanduku lake dogo la ngozi, ili nguo zetu zipangwe pamoja, maana tungetoka kwetu moja kwa moja hadi stesheni. Nikawasha pasi ya makaa nikazitoa shati zake nizinyooshe. Chini ya shati ya tatu palikuwa na kitambaa.

Kilikuwa bafta nyeupe, mpya, imepigwa pindo pande zote nne. Kwenye pembe moja palikuwa na msalaba mdogo wa uzi mwekundu, umeshonwa kwa mkono, mishono midogo ya mtu anayejua kazi. Mimi ni mshonaji. Wakati wa vita niliketi kwenye cherehani ya fundi mmoja wa Kihindi nikishona vifungo vya sare za askari waliopiga kambi upande wa Nyali. Nilijua mara moja kwamba mshono ule si wa urembo. Ni alama inayowekwa ili kitu kisibadilishwe na kingine. Pamoja nacho palikuwa na bahasha kubwa ya kaki, na juu yake, kwa zambarau, anwani ya Changamwe.

Kikulacho ki nguoni mwako. Hapa kilikuwa nguoni kweli, kimekunjwa vizuri chini ya shati.

Alipokuja alasiri nilikuwa nimekitandaza juu ya meza.

"Hiki nini?" nikamwuliza.

Alikitazama, akanitazama, akailamba midomo yake. "Ni mama," akasema. "Unawajua wazee. Alisema hatatuacha twende mpaka nimwahidi. Nilikubali ili tupate nafasi."

"Ukakubali kuniweka kwenye bahasha."

"Ni kitambaa tu."

"Ulisema ni mambo ya washenzi."

"Kwa sinia, ndiyo. Hapa nani atakiona? Mimi na mama, basi." Kisha akasema lile ambalo nimelibeba miaka yote. Alilisema kwa upole, kama anayenituliza. "Na wewe una wasiwasi gani? Watu wanasema mengi. Askari walikuwa wengi wakati ule. Kama huna jambo, huna la kuogopa."

Na wewe unayesoma, kama umesogea karibu ukitaka nikwambie nilikuwa na jambo au sikuwa nalo, basi umeketi benchi moja na yule bibi wa sinia. Sitasema. Hata nilipokuwa kitandani na homa ya kufa, na padri ananiuliza dhambi zangu, sikusema.

Nilichokiona siku ile ni ulimi wake, zambarau, ukitokeza akimaliza kusema. Kinyaa kilinianzia kwenye unyayo.

Bado nilimpa nafasi. Niliona kwamba ni mwoga, na mwoga si mtu mbaya. Kosa ni la mama yake. Ijumaa asubuhi nikajitanda leso, nikakitia kitambaa kwenye kikapu na kuvuka daraja la Nyali kwa miguu. Nilipita mjini nikalipanda basi la Changamwe. Njia nzima nilikuwa nikipanga matusi ya heshima, yale ambayo mkwe hawezi kuyashitaki.

Nilimkuta uani akianika papa wa chumvi. Alikuwa mwanamke mkimya, mtu wa bara ya Rabai, mjane, Mkristo wa kusali asubuhi na jioni. Nzi walikuwa wengi na harufu ilikuwa nzito, lakini aliponiona alinawa mikono mara tatu kwa limau kabla ya kunipa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Leo, na kesho ni harusi? Pana nini?"

Nikakitoa kitambaa. "Nimekuletea kitu chako. Naomba unisamehe, lakini sitakwenda nacho."

Alikipokea, akaupapasa ule msalaba mwekundu. Alionekana kuchanganyikiwa.

"Si changu," akasema. "Nilikishona kwa kuwa ulikitaka."

"Mimi?"

"Alisema ni wewe. Alikuja hapa akaniambia, mama, binti wa watu ana heshima zake, anataka kitambaa kiende na kirudi kwako, utie alama kisije kikabadilishwa. Mimi nilimwambia, mwanangu, mambo ya kitanda chenu yanihusu nini? Baba yako aliponioa hakuniuliza, wala mama yake hakuniuliza. Akasema ndivyo unavyotaka wewe." Akafukuza nzi kwa mkono. "Akakaa hapo kwenye kinu mpaka nikamaliza kushona. Aliuvuta uzi kuona kama umekaza."

Nilikalia kinu kile kile. Alikuwa ameuvuta uzi. Majuma yale yote nilikuwa nikiogopa jicho la mlangoni, na jicho lilikuwa barazani kwangu linaandika orodha ya maduka. Nairobi haikuwa pa kunificha. Ilikuwa mahali ambapo ningekuwa peke yangu naye na gunia, bila mtu wangu hata mmoja wa kusema neno, yeye awe mume, somo na mpokea sinia, kisha anilambe anifunge kama bahasha.

Mama yule alikirarua kitambaa vipande viwili, kimoja akafutia meza yake ya samaki. Alinipa maji ya kunywa, nikanywa, nikarudi kwetu.

Utauliza mbona sikuvunja uchumba. Mbuzi walikuwa wamekwisha chinjwa, tangazo la tatu lilikuwa limesomwa, na baba alikuwa ameazima suti. Lakini hizo ni sababu za kuwapa watu. Ukweli ni kwamba nilimtaka mtu yule na nilimchukia, vyote kwa pamoja, na nilijichukia mimi zaidi kwa kumtaka. Kinyaa hakiui mapenzi upesi, kinayaozesha polepole.

Nilimwendea shangazi. Alikuwa jikoni akikuna nazi kwa ajili ya wali wa kesho, shavu limevimba kwa tambuu. Nilikaa chini mbele ya ule ukuta mwekundu nikamweleza yote: bahasha, uzi, askari, kinu. Alikuna mpaka nazi ikaisha, kisha akatema, ukutani, kama kawaida yake, na kwa mara ya kwanza sikuyageuza macho.

"Sasa wataka nini?" akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu kwa siku nyingi.

"Nataka ukae mlangoni."

"Nyama ya kuchoma hutaki tena?"

"Shangazi, tafadhali."

Akajifuta mikono. "Kalale. Kesho nikuogeshe."

Mchumba wangu nilimwambia Jumamosi yenyewe, nje ya kanisa, watu wakiturushia mchele, kwamba fungate itakuwa Kisauni, kwa baba. Alitabasamu kwa ajili ya watu akaninong'oneza kwamba tiketi zimekatwa na kaka anatungoja. Nilimwambia anaweza kwenda, akamsalimie. Hakwenda. Hakuuliza kitambaa kiko wapi, na mimi sikumwambia.

Walitufungia chumba cha uani, kilichofukizwa udi mpaka macho yakawasha. Shangazi alijilaza nje kwenye mkeka, nikamsikia akitafuna. Sitasimulia zaidi, isipokuwa kwamba mume wangu hakulala vizuri, na kulipokucha alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda amevaa shati, akiutazama mlango kama mtu anayengoja hukumu ya mwingine. Uani nilisikia wanawake wameshafika, vikombe vinagongana, na bibi mmoja anauliza kama tayari.

Ndipo shangazi alipopiga vigelegele. Vilikuwa virefu, vya kifua, akavirudia mara tatu, na uani wote ukaitikia. Baadaye kabisa, vilipokwisha vile vya tatu, ndipo niliposikia mkono wake ukishika komeo, kwa mara ya kwanza tangu tufungiwe.

Mume wangu aligeuka akaniuliza, "Ameona nini?"

Nikamwambia amuulize mwenyewe.